Kufuli Liwe la Sanduku, Mlango Uachwe Wazi

Mtoto anayetimiza miaka tisa hahitaji ukumbi wa kukodi wala mshereheshaji ili marafiki zake waikumbuke siku yake. Sebule, makufuli mawili ya namba, karatasi, kanga na mtu mzima aliyejiandaa vinatosha kutengeneza chumba cha mafumbo. Katika mchezo huu kundi hupewa kisa, dalili zilizofichwa na muda maalumu, kisha hufumbua fumbo baada ya fumbo hadi lifikie lengo. Wengi hukiita chumba cha kutoroka, kwa kuwa katika vituo vya biashara lengo huwa kutoka nje. Kwa sherehe ya nyumbani nashauri lengo liwe kufungua: kufuli liwe la sanduku, mlango uachwe wazi. Kanuni hiyo ndiyo inayobeba usalama wa mchezo, na ndiyo inayobeba utamu wake.

Mchezo wenyewe bado ni mchanga. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Crimson Room, ambamo mchezaji hujikuta amefungiwa chumbani na kutafuta vitu vya kumtoa. Mwaka 2007, mjini Kyoto, Takao Kato wa kampuni ya SCRAP aliitoa michezo ya aina hiyo kwenye skrini na kuwaingiza watu halisi katika chumba halisi. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics akafungua ParaPark mjini Budapest, na kutoka hapo vyumba vya namna hii vikasambaa Ulaya na kwingineko.

Kisha ukaja mkasa ambao kila mzazi anayefikiria mchezo huu anapaswa kuujua. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin kaskazini mwa Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikuwa ndani ya chumba cha kutoroka wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Moto ulizuka nje ya chumba chao, ukahusishwa na gesi iliyovuja kwenye kifaa cha kupasha joto. Hawakuwa na njia nyingine ya kutokea. Wote watano walikufa kwa sumu ya kaboni monoksaidi. Serikali ya Poland iliamuru vyumba vyote vya aina hiyo vikaguliwe, na vingi vikafungwa.

Nyumbani hatari zina sura yake. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani na geti la chuma mlangoni. Ufunguo wa geti hilo ukae mfukoni kwa mtu mzima muda wote, wala ufunguo wowote wa kweli wa nyumba usiingizwe katika mchezo, maana mtoto ataushika, ataujaribu kila mahali, na saa ya dharura hautajulikana ulipo. Jiko la mkaa linalopikia pilau likae nje kabisa, kwa kuwa mkaa hutoa gesi ileile iliyoua Koszalin, nayo haina rangi wala harufu. Dawa, mafuta ya taa na viwembe viondolewe chumbani. Mtoto aliyeambiwa atafute dalili atafungua kila droo, na ana haki, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Visivyoguswa vibandikwe utepe unaoonekana, na utepe huo uelezwe kabla ya kuanza.

Mlango ukiwa wazi, mtoto mwoga hutulia, mwenye haja huenda msalani akarudi, na akili zote hubaki kwenye fumbo. Hofu humnyima mtoto uwezo wa kufikiri. Kinachomfanya aruke juu kwa furaha ni mlio wa kufuli linaloachia mkononi mwake.

Anza na kisa, na kisa kiwe na sababu ya kuharakisha. Kwa watoto wa pwani napenda hiki: nahodha wa jahazi amesahau sandukuni hati zake za safari. Maji yanakupwa, na baada ya dakika 45 chombo kitakwama mchangani. Muda huo unawatosha watoto wa miaka minane hadi kumi na moja kwa mafumbo matano. Kundi liwe la wanne au watano. Wakiwa kumi, gawanya makundi mawili yacheze kwa zamu, au tengeneza njia mbili zinazokutana kwenye sanduku moja. Walio chini ya miaka sita waandalie usakaji wa hazina kwa picha, kwa kuwa mlolongo wa mafumbo huwachosha kabla haujawafurahisha.

Mlolongo ndio moyo wa kazi: jibu la fumbo moja lionyeshe mahali pa kuanzia linalofuata. Huu hapa mmoja kamili.

La kwanza ni kitendawili kinachojulikana: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Watoto watakimbilia trei ya mayai, na chini yake watakuta barua ya nahodha.

La pili ni saa. Barua inasema: niliamka saa kumi alfajiri, nikatweka tanga saa kumi na mbili asubuhi, nikatia nanga saa tatu asubuhi, someni kama simu inavyoonyesha. Wengi wataandika 10, 12 na 3, kisha watagundua kwamba kufuli lina tarakimu tatu tu. Hapo ndipo mmoja wao atakumbuka kwamba simu huonyesha saa nyingine, iliyopishana na yetu kwa saa sita. Jibu ni 469. Chagua nyakati za kabla ya adhuhuri peke yake, kwa sababu baada ya hapo simu moja huonyesha 2 na nyingine 14, na fumbo lenye majibu mawili huzua ugomvi.

La tatu, ndani ya kisanduku kilichofunguka, ni gurudumu la siri: maduara mawili ya kadibodi, dogo juu ya kubwa, yakishikwa katikati kwa pini. Alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, hivyo zinabaki herufi 24, na duara la nyuzi 360 hugawanyika sawasawa katika vipande vya nyuzi 15. Julius Caesar aliandika barua zake za siri kwa kusogeza kila herufi hatua tatu. Ukifanya hivyo kwa alfabeti yetu, A huwa D, na maneno CHINI YA MKEKA WA BABA hugeuka FKLRL BD PNHND AD EDED. Watoto wakubwa wanyime gurudumu. Waambie wahesabu ni herufi gani imejirudia zaidi. Watapata D, mara tano, na kwa kuwa A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, siri imevunjika. Njia hiyo ya kuhesabu herufi ilielezwa na mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad katika karne ya 9, na mtoto wa darasa la tano anaimudu.

La nne liko chini ya mkeka: karatasi inayoonekana tupu. Imeandikwa kwa mshumaa mweupe. Watoto wakipaka rangi ya maji, nta huikataa na maandishi hujitokeza: tandazeni kanga, kila ncha na mtu wake. Maji ya ndimu nayo huandika bila kuonekana, lakini huhitaji joto la pasi, na pasi ni ya mtu mzima.

La tano linataka mikono minne. Kanga ina ncha nne, na jina lake halisomeki vizuri hadi itandazwe. Chagua kanga inayoanza na maneno matatu mafupi, au andika jina lako mwenyewe kwenye kitambaa. UMOJA NI NGUVU, kwa kuhesabu herufi za kila neno, hutoa 525, na sanduku la nahodha linafunguka.

Kufuli la tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000. Mtoto akijaribu mmoja kila sekunde tatu, ataimaliza yote kwa dakika 50, na kwa bahati kidogo atalifungua mapema bila kufumbua chochote. Kwa hiyo weka sharti: majaribio matatu, kisha kundi lieleze limefikaje hapo kabla ya kugusa kufuli tena.

Watakwama, na msaada wako ndio utakaoamua kama sherehe itanoga. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba mtoto hukua pale anapofanya kwa msaada kidogo kile ambacho bado hajakiweza peke yake. Utamaduni wetu una utaratibu tayari wa msaada huo. Walioshindwa kutegua kitendawili humpa mtegaji mji. Fanya hivyohivyo. Kundi likikwama dakika nne au tano, likupe mji. Wakisema Bagamoyo, simulia kidogo ulivyofika Bagamoyo na ulichokiona, na ndani ya masimulizi hayo tia dokezo, si jibu. Mji wa pili uongeze mwanga. Jibu lenyewe litoke kwa mji wa tatu tu. Kwa utaratibu huu kuomba msaada hakumwaibishi mtu. Kunakuwa sehemu ya mchezo.

Siku mbili kabla, mpe mlolongo mzima mtu asiyeujua, hasa mtoto wa rika hilohilo ambaye hatahudhuria. Atakapokwama kwa sababu maelezo yako hayakueleweka, rekebisha maelezo. Angalia pia kila mtoto ana nafasi gani: asiyesoma haraka ashike gurudumu au apake rangi, na fumbo lisitegemee kutofautisha nyekundu na kijani, kwani wapo wasioziona tofauti. Siku yenyewe, mchezo utangulie keki. Watoto waliokwisha kula keki hawana tena cha kuharakia, na wanaoisubiri hukazana.

Ndani ya sanduku weka vifurushi vinavyolingana, kimoja kwa kila mtoto, pamoja na hati ya nahodha yenye majina yao wote. Usiweke zawadi ya mshindi wa kwanza. Fumbo la saa alilijua mmoja, la herufi mwingine, na kanga haikusomeka hadi wote waishike. Zawadi ya mmoja ingefuta yote waliyoyafanya pamoja.

Mwenye siku yake asijue majibu, lakini aachiwe kugeuza tarakimu ya mwisho. Na wiki inayofuata mpe makufuli yaleyale, kadibodi na mshumaa, umwombe akutegee wewe. Mtoto anayetunga fumbo analazimika kuwaza kile ambacho mwenzake anakijua na asichokijua, na huko ni kufikiri kwa kina kuliko kufumbua. Sherehe iliyomfikisha hapo imemfaa zaidi ya keki yoyote.