Kidonda kisichoonekana kwenye eksirei

Msomaji, ikiwa unaishi Kitale au Bungoma, huenda mpangaji wako, au mama anayekuuzia mboga, aliwahi kuikimbia nyumba yake usiku. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993, vita vya ardhi vya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 viliwang'oa maelfu ya watu mashambani mwao. Wengine hawakurudi. Walikodi chumba mjini wakaanza upya.

Kwa daktari huja na malalamiko mengine: kichwa, tumbo kuwaka, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Damu ikipimwa, malaria haionekani. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, na baada ya wiki mbili amerudi. Hasingizii. Mwili wake unasema yale ambayo mdomo umeshindwa kuyasema.

Je, miaka haiponyi? Si lazima. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwachunguza Wakambodia walionusurika utawala wa Khmer Rouge (1975-1979) na kuhamia Long Beach, Marekani. Miongo miwili baada ya kufika huko, 62 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, na 51 walikuwa na huzuni ya kiwango cha ugonjwa.

Dalili za kuangalia

Ndoto za kutisha, kushtushwa na kelele ndogo, kukwepa mazungumzo ya yaliyopita na hasira za ghafla. Zikipita mwezi mmoja na kuvuruga kazi au familia, huo ni ugonjwa, na una tiba: ushauri nasaha na, ikihitajika, dawa anazoandika daktari. Usijinunulie vidonge vya usingizi. Pombe nayo huzidisha hali.

Wewe ufanye nini?

Usimlazimishe mtu asimulie. Akianza mwenyewe, msikilize. Mwalike kwenye chama, kwaya au matanga ya mtaa, kwani upweke hukikuza kiwewe. Wapo ambao ndugu zao walitoweka katika vita vya Mlima Elgon, na hadi leo hawana kaburi la kulizuru. Usiwaambie, "Sahau." Waulize jina la aliyetoweka.

Na mtu akikuambia hataki kuishi tena, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali ya kaunti siku hiyo hiyo.