Raia wapya wenye wajukuu

Kwa miaka mingi, mkazi wa Katumba, Mishamo au Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, aliyetaka kwenda mjini kumwona mgonjwa au kuuza mahindi alitakiwa kwanza kupata kibali cha kutoka kwa mkuu wa makazi. Ikaja habari ya uraia, na amri ikageuka: ukitaka kuwa Mtanzania, hama, kaishi mkoa mwingine. Mkimbizi alikatazwa kutoka. Raia mtarajiwa akaambiwa aondoke.

Hawa ni wakimbizi wa 1972. Mwaka huo, chini ya utawala wa Michel Micombero, Wahutu wa Burundi waliuawa kwa wingi na walionusurika wakavuka mpaka, wengi wakitokea kusini, upande wa Bururi na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapeleka Tabora na Mpanda, kwenye miombo na mbung'o. Walichokabidhiwa kilikuwa pori. Wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe.

Mwaka 2007 wakaulizwa: mnarudi au mnabaki? Kati ya watu wapatao 218,000, karibu wanne kwa kila watano walichagua kubaki. Sishangai. Wengi walizaliwa hukuhuku, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya jioni. Mashamba ya wazee yalikuwa yamekaliwa na watu wengine zamani, na miongoni mwa waliorudi wapo walioishia kwenye kesi za ardhi na ndugu zao wenyewe. Hata hivyo uamuzi haukuwa mwepesi. Kuna familia ambazo baba alijaza fomu ya kurudi, watoto wakajaza ya kubaki, na kila upande ukaona mwenzake amekosa akili.

Waliobaki walipaswa kuukana uraia wa Burundi, maana sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Aprili 2010 serikali ikatangaza uraia wa tajnisi kwa watu zaidi ya 162,000. Ni nchi chache zilizowahi kupokea wakimbizi wengi hivyo kuwa raia kwa mkupuo, na sifa hiyo Tanzania inaistahili.

Kilichofuata hakisifiki. Vyeti vya uraia vilizuiliwa mpaka watu wahame, na kuhama kukakwama. Hata baadhi ya viongozi wa mikoa iliyotarajiwa kuwapokea hawakulichangamkia jambo hilo. Warundi hawakuwa tena, na cha kuonyesha kuwa ni Watanzania hawakuwa nacho. Uchaguzi wa 2010 ukawapita. Nani aezeke upya nyumba anayoambiwa ataiacha? Nani apande mwembe?

Hoja ya waliopanga ilieleweka: wakiachwa pamoja, watabaki kuwa Burundi ndogo ndani ya Tanzania. Mimi naona waliangalia upande usio sahihi. Watu hawa walikuwa wameshajichanganya mnadani, shuleni, kanisani na kwa kuoana, na kilichowaunganisha na jirani Mmanyema, Mha au Msukuma ni gunia la mahindi lililouzwa kwa mkopo na kulipwa. Kumng'oa mtu hapo kwa jina la kumchanganya na Watanzania ni kumrudisha kwenye ukimbizi, safari hii ndani ya nchi aliyoapa kuitii.

Serikali ikalegeza. Sharti la kuhama likaondolewa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akazindua ugawaji wa vyeti. Mwaka uliofuata wenye vyeti wakaweza kupiga kura. Majirani na maofisa wakazoea kuwaita "raia wapya", wakiwemo wazee wenye wajukuu wasiojua kwingine.

Tofauti moja imebaki kwenye Katiba. Rais lazima awe raia wa kuzaliwa, kwa hiyo mwenye cheti cha tajnisi hawezi kugombea nafasi hiyo. Mwanawe aliyezaliwa Katumba mwaka 2015 ni raia wa kuzaliwa kama mtoto mwingine yeyote, na umri wa miaka 40 unaotakiwa kugombea atautimiza mwaka 2055.