Mafia Kwenye Njia ya Dhahabu (2): Siku Moja Kua

Kisiwa cha Mafia hakijapata kuwa na mgodi wa dhahabu. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi pwani ya Sofala, kisha ikapakiwa kwenda Kilwa. Jahazi la Arabuni lililokuja na kaskazi liliwahi kufika Kilwa na kurejea na kusi mwaka uleule. Lililotaka kufika Sofala lilichelewa pepo za kurudia. Ndiyo maana dhahabu ilikusanywa na kutozwa ushuru Kilwa, na Mafia, iliyokuwa chini ya masultani wa Kilwa, ikawa kituo cha njiani. Sarafu za shaba za masultani hao zimepatikana Kisimani Mafia. Lakini sehemu kubwa ya Kisimani imeliwa na bahari, na mwenye siku moja tu afadhali aende Kua.

Kua, magofu ya mji wa kale, iko magharibi mwa Kisiwa cha Juani. Mashua hutoka Utende, na saa ya kuondoka huamuliwa na maji: yakijaa, nahodha huingia mpaka kwenye mikoko, yakipwa, abiria hushuka mbali, wakakanyaga tope. Juu ya ufuko limesimama gofu la jumba la ghorofa, la mawe ya matumbawe na chokaa, mizizi ikiwa imejipenyeza kwenye nyufa za kuta. Nyuma yake kuna misikiti na makaburi vichakani.

Haifai kumwambia mgeni kwamba kuta hizi zilijengwa kwa dhahabu. Biashara hiyo ilianza kuiponyoka Kilwa pale Wareno walipoiteka na kujenga ngome Sofala mwaka 1505, ilhali majengo mengi yanayoonekana Kua ni ya karne ya 18.

Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani, siku ya kushua jahazi jipya, waliwakamata watoto wa Kua waliowaalika, wakawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka mingi, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini katika chumba cha chini ya ardhi, wakaziba mlango.

Mwisho wa Kua wenyewe uliletwa na Wasakalava wa Madagaska, waliouvamia mji takriban mwaka 1829 na kuchukua watu utumwani. Haukujengwa tena. Makao ya utawala wa Mafia yakawa kisiwa jirani cha Chole, hadi Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913.