Wake wa Mfalme wa Uchina: Kweli au Uongo?

Tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili zimetuzoesha kuwaona wake wa mfalme wakitiliana sumu huku wamevalia hariri. Wanawake hao waliishi kweli, na wanastahili kusimuliwa kwa haki. Tuutazame ukoo wa Qing, uliotawala Uchina kuanzia 1644 hadi 1912.

Mfalme alijichagulia mrembo yeyote aliyemwona.
UONGO. Kila baada ya miaka mitatu, mabinti wa Bendera Nane, yaani familia za kijeshi zilizoisimamisha dola hiyo, waliletwa Beijing kukaguliwa. Ilikuwa amri: binti hakuozwa kabla ya kupita hapo. Baadhi ya waliochaguliwa waliozwa wana wa mfalme.

Walifungwa miguu ibaki midogo.
UONGO. Hiyo ilikuwa desturi ya Wahan, kabila lenye watu wengi zaidi Uchina. Wamanchu, kabila la watawala, hawakuwafunga binti zao miguu.

Chini ya malkia, wote walikuwa sawa.
UONGO. Madaraja yalikuwa manane, na kila moja lilikuwa na posho yake. Malkia alipata liang (kipimo cha uzito cha Kichina) 1,000 za fedha kwa mwaka. Wa daraja la mwisho, liang 30. Cheo ndicho kilichoamua pia nyama, vitambaa, mkaa wa kuotea moto na idadi ya vijakazi.

Aliyeanzia chini alibaki chini.
UONGO. Cixi aliingia kasrini mwaka 1852 akiwa wa daraja la sita. Mwaka 1856 alimzaa mrithi, na mwaka uliofuata akawa amefika daraja la tatu. Mfalme alipofariki mwaka 1861, Cixi na mjane mwenzake Ci'an walishika utawala kwa niaba ya mtoto huyo.

Akishaingia, hakuwa na njia ya kuivunja ndoa.
KWELI, kwa muda wote wa utawala huo. Kijakazi aliruhusiwa kurudi kwao akifikisha miaka 25. Mke hakudai talaka, na hata akifiwa hakuolewa tena. Wenxiu, mke wa Puyi, mfalme wa mwisho, ndiye aliyeivunja desturi hiyo: alidai talaka na kuipata huko Tianjin mwaka 1931, miaka 19 baada ya ufalme kuanguka.

Fitina zilikuwepo, lakini kilichotawala siku za wanawake hawa ni sheria na cheo. Anayewakumbuka kwa wivu tu anawapunja maisha yao.