Kikokotoo cha Zamani Kinataka Betri Gani?

Kikokotoo cha mfukoni cha miaka ya 1980 hakifi kwa uzee wa vifaa vyake vya ndani. Mara nyingi kinaharibiwa na betri iliyosahaulika humo. Chukua HP-12C, kikokotoo cha hesabu za fedha kilichoingia sokoni mwaka 1981. Matoleo yake ya awali yanatumia betri tatu ndogo, zile tunazoziita betri za saa, zenye kipenyo cha milimita 11.6 na unene wa milimita 5.4. Ukienda dukani utapewa kadi ya LR44, na muuzaji hajakosea, kwani zinaingia na mashine inawaka. Ila ipo SR44, yenye umbo lilelile, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kununua ingawa bei yake iko juu.

Tofauti yao iko kwenye herufi ya kwanza: L ni alkali, S ni oksidi ya fedha. Betri ya alkali huanza na volti 1.5, kisha hushuka kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Ya fedha hushikilia takriban volti 1.55 karibu hadi mwisho wake. Kikokotoo hula umeme kiduchu sana, lakini volti zikipungua kupita kiasi, alama ya nyota huanza kumeta kwenye kioo hata kama betri haijaisha chaji. Chaji hiyo iliyobaki umeilipia, nawe unaitupa.

Kuna atakayesema kwamba kwa bei ya SR44 moja anapata LR44 kadhaa, basi abadilishe tu mara kwa mara. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama gharama ingeishia kwenye betri. Alkali iliyochoka ina tabia ya kuvuja, na majimaji yake, ambayo ni haidroksidi ya potasiamu, hula vile vibati vinavyopitisha umeme. Kibati cha mashine ya miaka 40 utakinunua wapi? Betri ya fedha nayo si kwamba haivuji kabisa, ila huvuja kwa nadra zaidi. Wanaolalamika kwamba hiyo huzima ghafla bila onyo la kutosha wana hoja. Dawa yake ni kuwa na seti ya akiba.

Dukani usitazame upana peke yake. LR43 ina kipenyo hichohicho lakini unene wake ni milimita 4.2, hivyo italegea. Jina AG13 ni alkali ileile ya LR44, na 357 ni ya fedha. Badilisha zote tatu kwa pamoja, za aina moja, na zilizotumika ziweke mbali na watoto. Kama kikokotoo kitakaa kabatini miezi mingi, nakili kwenye karatasi programu ulizohifadhi humo, maana zitafutika, kisha toa betri zote.