Mwalimu Kiongozi wa Chekechea: Kamati Imsikilize kwa Jambo Gani?

Kila mwaka ifikapo Novemba, shule zinapokaribia kufungwa, ofisi yetu hupokea barua kutoka parokia zinazotafuta mwalimu kiongozi wa chekechea atakayeanza kazi Januari. Barua nyingi hutaja sifa zilezile: awe na cheti cha ualimu, awe muumini mwenye mwenendo mzuri, awe na barua ya Paroko wake. Sifa hizo ni za lazima na hatuna ugomvi nazo. Hata hivyo, zote tatu kwa pamoja hazituambii mwalimu huyo atafanya nini asubuhi mtoto wa miaka mitano atakapong'ang'ania khanga ya mama yake na kukataa kuingia darasani.

Kwa sababu hiyo tunaziomba kamati zimtake kila mwombaji aeleze mtazamo wake wa ufundishaji, kwanza kwa maandishi ya ukurasa mmoja, kisha kwa vitendo mbele ya watoto. Kamati kadhaa zimetuuliza maana ya jambo hili. Wafadhili nao wameuliza kwa nini fedha za mshahara wa mwalimu mmoja zinafuatana na maswali mengi kuliko fedha za mabati.

Kwa nini kiongozi hasa

Katika chekechea nyingi za parokia mwalimu kiongozi hana ofisi. Ana darasa lake kama wenzake, na juu ya hapo ndiye anayepanga ratiba, anayepokea malalamiko ya wazazi, anayemwelekeza mwalimu mpya na anayeamua kama fimbo itakuwepo shuleni au la. Akiamini kwamba mtoto hujifunza kwa kukaa kimya na kunakili ubaoni, mwalimu kijana aliyetoka chuoni na nyimbo na michezo yake ataziacha kabla ya Pasaka.

Tukumbuke pia mazingira. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la awali. Upande wa pili zipo shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Chekechea ya parokia inayotoza ada ndogo imebanwa katikati, na mzazi anayelipa anataka kuona anacholipia. Kwa wengi, kinachoonekana ni daftari lililojaa.

Ukurasa mmoja useme nini

Baadhi ya waombaji huandika tu kwamba wao ni wa Montessori, hasa waliosoma katika vyuo vya masista. Jina hilo lina heshima yake. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, na alijenga kazi yake juu ya vitu ambavyo mtoto anavishika, anavipanga na kujisahihisha mwenyewe. Lakini jina pekee halitoshi. Vifaa vya kiwandani ni ghali, na kabati lililofungwa kwa kufuli ili vifaa visipotee (tumeliona zaidi ya mara moja) halimfundishi mtu. Mwombaji aseme atatumia nini kilichopo kijijini: vizibo vya soda, mbegu za maharage, vijiti, mchanga, maboksi. Aseme pia atavitumiaje. Mtoto anayeweza kuimba moja hadi mia huenda hajui kutoa vizibo saba kutoka kwenye rundo. Mwalimu anayelijua hilo na ana njia ya kulishughulikia ameshatuambia mengi.

Jambo la pili ni idadi. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, lakini kamati zetu zinajua madarasa yenye zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwombaji anayeeleza mbinu zinazofaa watoto 25 tu hajajibu swali la parokia yake. Tumefurahi kusoma maelezo ya mwalimu aliyegawa watoto katika makundi manne, kundi moja likiwa naye kwenye mkeka kusikiliza sauti za herufi na mengine yakiwa kwenye kona za kuchezea dukani, kuchora na kuhesabu, kisha yanabadilishana. Aliongeza kwamba wiki mbili za kwanza za Januari hafundishi herufi hata moja, anawafundisha kubadilishana bila kusukumana. Hilo halisemwi na mtu aliyesoma vitabuni tu.

Lugha nayo isiachwe. Vijijini watoto wengi huja na lugha ya nyumbani, Kiswahili kikiwa bado kigeni kwao. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake atampata mtoto bubu. Tunataka kusikia jinsi atakavyoanza na lugha anayoijua mtoto, kupitia hadithi na nyimbo, hadi akifikie Kiswahili.

Na fimbo. Swali hili liulizwe wazi: mtoto akimng'ata mwenzake utafanya nini? Waombaji karibu wote hujibu kwamba hawachapi. Anayefaa huendelea kueleza anachofanya badala yake.

Mfano wa parokia moja

Mwaka fulani parokia moja ya vijijini ilikuwa na waombaji wawili, wote walimu wa chekechea hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa na miaka 11 ya kazi na wazazi walimpenda, kwani watoto wake walikuwa kimya na walifika Novemba wakiandika 1 hadi 100. Wa pili alikuwa na miaka minne tu. Ukurasa wake ulieleza kwa kirefu habari za mtoto mmoja ambaye hakusema neno hadi Juni, na namna alivyomkabidhi kazi ya kugawa vikombe vya uji mpaka akaanza kuwataja wenzake kwa majina.

Kamati iligawanyika. Mjumbe mmoja, mzee wa jumuiya, alisema hatuajiri mtu kwa hadithi ya uji. Tuliwashauri waende darasani, kila mwombaji kwa asubuhi nzima, wakae chini kwenye mkeka na wasiulize chochote. Waliporudi, mzee yuleyule ndiye aliyesema kwamba katika darasa la kwanza alimsikia mwalimu, na katika la pili aliwasikia watoto. Walimchagua wa pili.

Wasomaji wetu wanastahili kujua yaliyofuata. Muhula wa kwanza watoto 11 walihamishwa, wazazi wakisema shule imekuwa ya kucheza. Ada za watoto 11 ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu mmoja wa kijijini. Kiongozi mpya alianzisha Jumamosi moja kila mwezi ya wazazi kukaa darasani na kufanya kazi za watoto wao, kuhesabu mbegu na kutamka sauti. Akina mama walianza kuja, akina baba wachache. Mwalimu wa kwanza alibaki shuleni, na kiongozi, kwa busara tunayoipongeza, alimwachia jukumu la kuwafundisha wote kuandika vizuri ubaoni, kazi ambayo hakuna anayemzidi. Hadi mwisho wa mwaka walikuwa wamerudi watoto watano kati ya 11.

Ombi kwa wafadhili na kamati

Pengo la namna hiyo ndilo tunalowaomba wafadhili walizibe. Jengo hupata mfadhili haraka kwa sababu lina picha. Nyongeza ya mshahara wa kiongozi kwa miaka miwili, wakati wazazi wanazoea utaratibu mpya, haina picha, lakini bila hiyo kamati hulazimika kurudi kwa mwalimu anayejaza madaftari. Tunapendekeza mwaka wa kwanza mfadhili alipe nyongeza yote, mwaka wa pili nusu, na parokia iandike tangu mwanzo itakavyobeba sehemu yake, kwa shamba, kwa mchango wa jumuiya au kwa ada.

Kamati zinazotarajia kuajiri kwa ajili ya Januari zitangaze nafasi mapema, ili kila mwombaji aonekane darasani kabla watoto hawajafunga. Mtu akisailiwa Desemba shule zikiwa tupu, kamati itasikia maneno yake tu. Mwakilishi wetu yuko tayari kuja kukaa nanyi mkekani, mradi tupewe taarifa wiki tatu kabla na parokia igharamie chakula cha mchana.