Chini ya Mteremko wa Iramba, Njia ni ya Baiskeli

Magharibi ya Kiomboi, mkoani Singida, uwanda wa juu wa Iramba hukatika ghafla. Unateremka mita mia kadhaa kwenye mawe na miombo, breki zikinuka, kisha ardhi inanyooka na haiinuki tena. Mbele yako ni mbuga ya Wembere. Kaskazini yake kuna Ziwa Kitangiri, na ng'ambo ni Igunga na Kishapu. Hapo katikati hakuna kilima hata kimoja cha kumfanya mpanda baiskeli ashuke na kukokota.

Watanzania wengi wameliona bonde hili kupitia dirisha la basi. Barabara kuu ya Singida hadi Nzega inashuka kwenye kona za Sekenke, inapita Shelui, inavuka Mto Wembere na kukimbilia Igunga. Ndiyo njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwenye baiskeli kwenye lami hiyo hana amani. Anaendesha kwa masikio, akisikiliza mngurumo wa nyuma na kukadiria kama dereva amemwona, na mara kwa mara anajikuta ameshuka kwenye changarawe kwa sababu mabasi mawili yameamua kupishana mahali alipo. Nimewaona wazee wakisukuma baiskeli kwa miguu kando ya lami iliyo tambarare kabisa, na sababu ilikuwa woga tu.

Lakini acha lami, ushike njia ya ng'ombe inayoingia mbugani, na baada ya muda mfupi mngurumo ule unapotea. Kuanzia Mei, mvua zikishakatika, udongo mweusi wa mbuga hukauka na kuwa mgumu. Kwato huuponda, magurudumu huusaga, na kufikia Julai kila njia ina mstari mmoja mwembamba uliolainika, wenye upana wa viganja viwili hivi, unaong'aa kidogo jua likiwa chini. Huo mstari ndio barabara. Ukitoka nje yake unakutana na nyufa zinazoweza kumeza gurudumu la mbele, au alama za kwato zilizokauka zinazotikisa meno. Ukikaa ndani yake, baiskeli ya Phoenix ya zamani isiyo na gia, yenye keria ya nondo nyuma, inateleza bila jasho.

Hata hivyo, usidhani tambarare ni mteremko. Singida ni mkoa wa upepo, na wakati wa kiangazi upepo hutoka mashariki, unaanza asubuhi na kuzidi kadiri jua linavyopanda. Anayetoka Igunga kurudi Shelui anaukuta usoni, na mbugani hakuna kichaka cha kutosha kumkinga. Ndiyo maana wanaoijua njia huondoka alfajiri.

Na wanaoijua ni wengi. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kabla hatujazungumzia utalii wa aina yoyote: njia hizi zina wenyewe. Wachuuzi wa samaki hutoka Tulya, kwenye ufuko wa Kitangiri, na matenga ya pelege na kambale yamefungwa kwa mipira kwenye keria. Wakulima wa mpunga hubeba magunia kutoka kwenye majaruba. Wapo wauza kuku, wapo wanafunzi waliopakiana wawili hadi watatu, wapo akina mama wanaokwenda zahanati wakiwa wamekaa ubavu nyuma ya mume au mtoto. Kazi ngumu kwa mchuuzi wa samaki huanzia pale mbuga inapoishia, maana lazima aukokote mzigo ule hadi juu Kiomboi kabla samaki hawajaharibika. Kule chini alipumzika akiwa anaendesha.

Sababu ya eneo hili kubaki bila magari ni maji. Mto Wembere unatoka kusini na Manonga unatoka magharibi, na yote miwili inafika mahali ambapo ardhi haina mwinamo wa kuisukuma. Maji yakikosa pa kwenda hutanda. Masika yakiwa mazuri, mbuga hugeuka kinamasi kipana, Kitangiri hufura, na kinachozidi hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi, ambalo ni la chumvi na halina mlango. Tone la mvua linaloangukia upande huu wa Iramba haliifikii bahari kamwe. Kati ya Desemba na Aprili udongo uleule uliokuwa barabara nzuri hushika gurudumu, hujaa kwenye madigadi na kulifunga kabisa, kiasi kwamba mtu huibeba baiskeli yake begani. Gari likijaribu linazama hadi ekseli.

Kinamasi hicho ndicho kilichowaita ndege. Wembere imo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege duniani, hasa kwa sababu ya makundi makubwa ya ndege wa majini wanaotaga humo mvua zikikubali: mwari, korongo, mnandi, yangeyange. Heroe huonekana Kitangiri. Wapo pia kweleakwelea, ambao mkulima wa mtama na mpunga hapendi hata kuwasikia wakitajwa. Kwa mpanda baiskeli wa kiangazi, ndege hao ni sehemu ya safari kwa namna ambayo mtu wa kwenye gari hawezi kuipata. Baiskeli haina mlio, na korongo anakuacha ukaribie sana kabla hajaamua kuruka. Mahali penye migunga midogo yenye vinundu vya sisimizi, upepo hupita kwenye matundu ya vinundu hivyo na kupiga mluzi. Ukiwa kwenye baiskeli unausikia.

Bonde hili limewahi kupangiwa makubwa. Wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapimaji waligundua kwamba Ziwa Victoria liko juu kuliko Wembere, na wakachora mpango wa kuyaleta maji yake huku kwa mifereji ili mbuga yote iwe shamba la pamba. Huko Sekenke walikuwa tayari wanachimba dhahabu. Dhahabu hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kufua sarafu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Mifereji ya pamba haikuchimbwa. Maji ya Victoria yamefika Igunga zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa mabomba, na yananywewa na watu. Nalitaja hili kwa sababu kila kizazi kinaitazama mbuga hii na kuona mahali patupu panaposubiri mradi. Si patupu.

Siku hizi mradi unaokuja haraka ni barabara. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, unaombwa kila siku na vijiji vya bondeni vifunguliwe njia, na vijiji vina haki. Mgonjwa hawezi kusubiri kiangazi. Ila barabara ya gari katika bonde la mafuriko lazima ijengwe juu ya tuta, na tuta ni ukuta. Makalvati yakiwa machache au madogo, upande mmoja unabaki na maji kupita kiasi na upande wa pili unakauka, na vinavyoumia ni malisho, majaruba na mazalia ya samaki kwa pamoja. Njia ya baiskeli haidai tuta. Inafurika pamoja na mbuga na kurudi pamoja nayo, kila mwaka, bila gharama ya serikali. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba barabara za gari zifuate ukingo wa bonde, pale mteremko unapoanza, na katikati paachiwe miguu, kwato na magurudumu mawili.

Ulinzi wa kisheria pia unahitaji busara. Wembere si hifadhi ya taifa. Haimo hata kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ambamo Malagarasi–Muyovozi iliingia mwaka 2000 na Kilombero mwaka 2002. Uhifadhi ukiongezwa, na naamini unastahili kuongezwa, usimkute mchuuzi wa pelege akiambiwa kwamba njia aliyoipita baba yake sasa ni kosa. Kenya wameonyesha kwamba baiskeli na wanyamapori vinaweza kukaa pamoja. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, na wageni hukodi baiskeli wakapita kati ya pundamilia na twiga. Ulaya, watu husafiri kutoka nchi nyingi kwenda kuendesha baiskeli kando ya Mto Danube, kati ya Passau, Ujerumani, na Vienna, Austria. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilitengenezwa na farasi waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba kwenye ukingo wa mto. Njia za Wembere zimetengenezwa na ng'ombe. Tofauti ni kwamba kule mtu aliweka vibao.

Anayetaka kwenda aende kati ya Juni na Oktoba. Aanzie Shelui au ateremke kutoka Kiomboi kuelekea Tulya, abebe maji mengi kuliko anavyofikiri yanatosha, na asisahau solusheni, viraka na pampu, kwa kuwa mwiba wa mgunga hauheshimu tairi la bei kubwa. Aulize njia kila kijiji, kwa sababu njia ya mwaka jana huenda maji yaliihamisha. Akikutana na mwenye mzigo kwenye mstari ule mwembamba, yeye asiye na mzigo ndiye anayetoka.

Halmashauri ya Iramba ingeanza na vitu vidogo: vibao vya umbali kwenye njia za Tulya na Shelui, mti wa kivuli na kisima kila baada ya saa moja ya mwendo, na vidaraja vyembamba kwenye makorongo yanayochelewa kukauka, vyenye upana wa kupitisha baiskeli yenye matenga mawili, na vyembamba kiasi cha kuzuia gari.